Hatua Kumi za Mto

Jumatano, 3 Juni 1992

Leo naahidi kuandika yote, hata yanayonitia aibu. Mwalimu Hildegarda katuambia mataifa yanakutana Brazil kuhusu mazingira. Wapo watu, anasema, wanaotaka sheria itambue kuwa mto una haki, na awepo mtu wa kuusemea. Darasa likaangua kicheko. Optatus akauliza kama mto nao utalipa kodi ya maendeleo! Nami nilicheka — aibu ya kwanza. Maana kwetu Ruhembe mto wetu una fungu. Ukoo ukigawana shamba, kwanza zinahesabiwa hatua kumi kutoka ukingoni. Hizo ni za mto. Anayezipiga ni mjukuu asiye na fungu, asije akajipendelea. Mwaka juzi nilizipiga mimi, vikachomekwa vigingi pale nilipoishia.

Ijumaa, 5 Juni

Mjomba Mwinshehe karudi kutoka Mikumi anapiga mluzi. Kapata mnunuzi wa mbao. Biashara huria sasa, kila mtu auze chake! Atakata mivule yote minne ya mtoni. Jumatano misumeno inakuja. Bibi kasema miti ile ndiyo inayoshika maji, ikienda na mto unakwenda. Mjomba akacheka: vigingi si vile pale? Mivule iko upande wangu, mama.

Vigingi ni vyangu. Sikula.

Jumapili, 7 Juni

Nimesema! Kikao cha ukoo, wote wamekaa mkekani. Nikawaamkia, nikaungama: siku ile nilivaa kanga mpya ya mama, nimeifunga ikanibana, nikaogopa kuichafua kwa tope. Hatua zikawa za kuku. Mjomba akauliza, kwa hiyo mto umepunjwa na kanga? Watu wakavunjika mbavu, hata Bibi. Akaniambia, haya Joha, inuka, tembea kama unavyokwenda shule.

Nilivaa sketi ya shule. Tukashuka mtoni, nikaanzia ukingoni: moja, mbili… ya nane nikagusa mvule wa mwisho. Ya kumi nikaupita kabisa!

Mjomba akashika kichwa: wewe mtoto, umeniponza! Lakini aling'oa vigingi yeye mwenyewe, akavisogeza. Leo nitalala usingizi wa kwanza tangu Ijumaa.

Jumatatu, 8 Juni

Mjomba anasema mnunuzi hatasikia habari za hatua. Anataka karatasi kuwa mivule ni ya mto, la sivyo atakata. Tukaenda wote kwa katibu wa kijiji. Akaandika vizuri, akapiga muhuri: wa upande wa kwanza, Mwinshehe. Mjomba akasaini. Wa upande wa pili, mto. Katibu akainua kalamu — nani anausainia? Bibi akaninyooshea kidole. Katibu akavua miwani. Ana miaka mingapi huyu?

Mwalimu Hildegarda yuko Kilosa kwenye semina. Basi la kupeleka barua linaondoka sasa hivi, dereva anapiga honi. Nakinakili hapa nilichomwandikia: Shikamoo Mwalimu. Misumeno inakuja keshokutwa. Mtu wa miaka kumi na minne anaweza kuusainia mto? Tafadhali nijibu kwa basi hilihili likigeuza.