Nekesa, Mikono Yako Inafundisha Sisibo

Mpendwa dada Nekesa,

Nimekaa peke yangu darasani, hapa Sisibo, kama tunavyouita bado mji wa Eldoret. Nimeona nikuandikie, ingawa ulikufa bila kujua kusoma, na wakati huo mimi sikujua kuandika.

Hukusikia kitu tangu ile homa ya utotoni. Mama akiwa kwenye shamba la Kaburu, wewe ndiye uliyenilea, na tuliongea kwa mikono. Ngumi tumboni ilikuwa njaa, vidole viwili shavuni ilikuwa mama.

Siku ile tulikuwa tunavuna mahindi upande wa Chepsaita. Gari la ng'ombe lilikuja kwenye mstari wako, nyapara akakupigia kelele utoke. Hukugeuka. Dereva alilikwepesha, likaingia shimoni, ng'ombe mmoja akavunjika mguu. Nyapara alikushukia na kiboko. Alikupiga mgongoni, halafu shingoni, halafu ukiwa chini.

"Huyu hasikii," nilimlilia.

"Basi leo atasikia."

Kaburu alikuwa juu ya farasi, anatazama tu. Baba alinishika mkono akaninong'oneza, "Nyamaza, tutafukuzwa." Nilimponyoka, nikamtandika nyapara mdomoni kwa mpini wa jembe, akatema meno mawili. Walinifunga kwenye gurudumu la gari wakanichapa mpaka nikazimia.

Kidonda cha shingo yako kilioza. Siku ya tano baba alikupakia kwenye mkokoteni kukuleta hospitali. Ulifia njiani, kichwa chako mapajani mwangu. Kitu cha mwisho ulichoniuliza kwa mikono ni kama mgongo wangu bado unauma.

Sikurudi shambani. Nilifagia misheni, nikasoma pamoja na watoto wadogo kuliko mimi, mwishowe nikapewa darasa la kwanza. Nilidhani nitafundisha kusoma na hesabu hadi nizeeke.

Halafu mama mmoja wa Kiplombe akaleta binti yake, Jerono, ambaye naye hasikii. Wakamweka kwa mwalimu mwenzangu. Asubuhi moja nilisikia fimbo upande wa pili wa ukuta, na mwenzangu akisema, "Jibu. Nimesema jibu." Niliingia nikamkuta Jerono anavuja damu kichwani. Nilimnyang'anya fimbo, akanisukuma, tukapigana mpaka sakafuni mbele ya watoto. Mwalimu mkuu ndiye aliyetuachanisha.

"Mtoto kama huyu hafundishiki," aliniambia.

"Mimi nimelelewa na mmoja," nikamjibu. "Nipe mimi."

Alinipa stoo ya magunia na muhula mmoja. Hakuna aliyewahi kunionyesha kazi hii, dada. Nilianza na njaa, nikaja kwa mama, nikiandika neno chini ya kila ishara yetu. Kabla muhula haujaisha, Jerono aliandika jina la mama yake sakafuni kwa mkaa. Mama mwenyewe aliketi kando ya lile jina akalia. Sasa ninao watoto saba.

Watu husema mimi ni mpole. Wewe unajua si kweli. Kabla ya nyapara, mimi nilishakupiga kwa ukuni, kwa sababu ulishindwa kutamka jina langu mbele ya rafiki zangu. Ulijifuta damu ukanipakulia ugali. Sikukuomba msamaha.

Juzi Jerono alikataa kuandika, akanirushia kibao chake cha kuandikia. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Akafumba macho, akangoja. Niliushusha, nikatoka nje, nikaegemea ukuta hadi pumzi zikatulia.

Niliporudi nilitaka kumwambia nimekosa, nikagundua sina ishara yake. Wewe na mimi hatukuwahi kuitunga. Nilisimama mbele yake nikipapasa hewa kama mjinga, mpaka akanielewa. Akachukua mkono wangu, akaukunjua, akaulaza juu ya kichwa chake mwenyewe, taratibu. Ndivyo yeye na mama yake wanavyosema nimekosa.

Nimeijua nikiwa nimechelewa, Nekesa. Pokea.

Mdogo wako uliyemlea,
Wafula