Nimeificha Sanda ya Bibi

Shikamoo Shangazi Fahima. Naomba unisaidie, ila jina langu usilitaje, maana hapa Ndagoni gazeti lako moja husomwa na nyumba sita, na mimi hata kusema "nipo" mwalimu anapoita majina natetemeka.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, naishi na bibi mzaa mama tangu nikiwa mdogo, na jambo lenyewe limeanza na shairi. Mwalimu wa Kiswahili alitusomea shairi la kifo, kwamba hakuna atakayerukwa, na ndani yake mna mstari unaosema nguo yako ya mwisho imekwisha kukatwa, hujui tu imekunjwa wapi. Akatuambia kila mmoja aandike limemgusa vipi yeye mwenyewe, si kama majibu ya mtihani, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi tutasoma mbele ya darasa. Wenzangu walichekacheka kisha wakaanza kuandika. Mimi nilibaki na kalamu mkononi, Shangazi, kwa sababu mimi najua imekunjwa wapi. Nguo ya bibi ilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda chetu, chini ya kanga zake, bafta nyeupe aliyoletewa kutoka Makka, imechovywa maji ya Zamzam, ikawekewa udi na karafuu maiti.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani, bibi na rafiki yake Bi Mize, ambao wamelima mwani pamoja tangu mama yangu hajaolewa, hutoa sanda zao wakazianika uani zisiingie ukungu, kisha huzikunja kwa kusaidiana, mmoja ncha hii na mwenzake ncha ile, wanasogeleana mpaka mikono inakutana, na muda wote huo wanataniana. Mwaka jana nilikuwa kizingitini nawasikia, bibi ndiye aliyeanza.

"Mwenzangu, yako imeingia manjano, utazikwa kama biriani."

"Heri biriani. Wewe ulivyonenepa, hiyo itakuishia magotini."

"Basi utaniazima yako."

"Nami niende uchi? Thubutu!"

Mwaka jana nilicheka nao. Mwaka huu, siku ya shairi, nilirudi nikamkuta bibi anasuka ukili, akaniambia, "Umerudi, mke mwenzangu? Chakula kipo chini ya kawa," nikaitazama ile mikono yake, nikakirudisha chakula chini ya kawa. Alipokwenda pwani kwenye mwani niliitoa sanda nikaificha ndani ya boksi la vitabu vyangu ambalo haligusi mtu. Najua ni ujinga, na mimi ni mtu wa kusoma, lakini nilijiambia nguo isipokuwepo labda safari itaahirishwa.

Jumatatu bibi kafungua sanduku ili aanike. Aliinua kanga moja moja mpaka akafika chini. Alikaa sakafuni, kanga zimemzunguka, akasema, "Mize." Mahali ilipokuwa tulipajua sisi watatu tu, na mimi hawezi hata kunidhania. Tena mwezi uliopita Shaibu, kaka yake Bi Mize, alifariki ghafla kule Chole, na Bi Mize alikuja akilia kumwomba bibi ile sanda ya Zamzam, bibi akakataa. Sasa bibi anaamini Shaibu kazikwa nayo.

Tangu hapo Bi Mize akija inakuwa hivi:

"Hodi, mwenzangu!"

"Nasali!"

"Alasiri imekwisha, unasali nini?"

"Zangu!"

Jana Bi Mize akanishika bega pale mlangoni, akaniuliza, "Bibi yako nimemkosea nini?" Nikamjibu, "Sijui, bibi."

Shangazi, nataka kuirudisha polepole chini ya kanga bibi akiwa pwani, aikute mwenyewe, adhani hakutazama vizuri. Je, ni vibaya? Daftari zangu zote sasa zinanuka karafuu maiti, na sijaandika chochote zaidi ya jina langu. Na akishaipata sanda yake, je, ndiyo ananiaga?

Ni mimi, mke mwenza wa bibi.

*

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha, lakini lile ulilolifanya silifichi. Umeiba sanda. Liseme hivyo hivyo. Umeiba kwa mapenzi, nalo nimeliona, nikaiweka barua yako chini nikanywa chai kwanza ndipo nikaweza kuimaliza. Lakini mapenzi yako yamemfungia mlango mwanamke aliyefiwa, ambaye hajui hata kosa lake.

Kuirudisha kimyakimya, nakukataza! Bibi yako aliinua kanga moja moja, wewe mwenyewe umeniambia. Akiikuta kesho hatasema "sikutazama vizuri," atasema "Mize kairudisha." Hapo Bi Mize atakuwa mwizi mpaka siku yake ya mwisho, na wewe utakaa nao uani mwaka baada ya mwaka unawatazama wasivyotazamana. Na Shaibu wa watu, kaburini, hawezi kusema amezikwa na sanda yake mwenyewe.

Unauliza kama bibi anakuaga. Siku moja ataondoka, mwanangu, nami nitaondoka, shairi lenu halikusema uongo. Lakini sanda ile imekaa sandukuni miaka, na bibi yako bado analima mwani na anamcheka mwenziwe. Haikumwita mtu. Ameiweka tayari ili siku hiyo usihangaishwe na maduka huku unalia, upate kukaa karibu naye. Ni yuleyule anayekufunikia chakula kabla hujatoka shule. Hili nalo amekufunikia mapema, basi.

Sasa nisikilize. Leo, ukirudi, kabla hujavua sare, fungua boksi lako, umwekee bibi sanda mapajani. Sema, "Bibi, niliichukua mimi, niliogopa." Sauti ikikataa, msomee barua yako hii. Atakugombeza, na kugombezwa umekustahili, kwa hiyo usikimbilie chumbani. Akimaliza, kabla ya magharibi, mwende wote wawili kwa Bi Mize. Useme wewe kwanza, uanze na pale mlangoni ulipomdanganya. Kisha nyamaza. Bibi yako ana yake ya kumwambia rafiki yake, ya sanda aliyomnyima na ya wizi aliomdhania, na hayo huwezi kumsemea.

Shaabani haijaisha. Waombe waanike pamoja. Wakifika kukunja usiwaingilie, kaa pale pale kizingitini uitazame mikono yao inapokutana, halafu chukua daftari lako, hilo hilo linalonuka, uandike. Mwalimu hakukuuliza kifo ni nini. Amekuuliza kimekugusa vipi, na wewe umekwisha kunijibu mimi kurasa mbili nzima bila kutetemeka.

Ijumaa utatetemeka. Soma hivyo hivyo.