Wewe wa Ubavuni, Mimi wa Nyuma

Paskazia, rafiki yangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu, wala sina sababu nyingine. Ungekuwepo ungesema, "Leokadia, acha kuzunguka, sema." Basi nasema. Siku ya kukuzika sikumpigia goti mama yako.

Nilifika Kanoni asubuhi, bado umelazwa sebuleni. Nyasi zilikuwa zimetandazwa, wanawake wamejaa chini, mama yako ameegemea ukuta karibu na kichwa chako. Kila aliyeingia alishuka magotini, akamshika mikono, wakalia pamoja. Ikafika zamu yangu. Nikasimama mbele yake wima kama karani wa ushirika, nikamnyooshea mkono kutoka huko juu. "Pole, mama." Akaupokea, lakini hakunitazama usoni, alitazama miguu yangu. Wifi yako hakungoja hata nitoke. "Huyu ndiye yule rafiki? Kiburi mpaka msibani." Nikaenda kukaa nje kwenye benchi la wanaume. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila siku ile ilikuwa imepasuka kwa ajili yako. Walipokushusha pale kwenye migomba, wenzangu waliinama kuokota udongo. Mimi mume wako ndiye aliyeniokotea, akanitilia kiganjani.

Ningeeleza nini? Kuanza kusimulia nyonga yangu mbele ya maiti yako, ningekuwa nimekunyang'anya msiba wako.

Wewe unayajua yote, lakini acha nikukumbushe, maana siku hizi sina wa kuyasema naye. Ni wakati ule wakimbizi walipojaa Karagwe, na madaktari wa kigeni wakaja na masanduku yao. Wewe wa Kanoni, nyonga imelika tangu ulipoanguka na mkungu wa ndizi. Mimi wa Nyakakika, yangu imelika yenyewe tu, kwa uzee uliokuja kabla ya zamu yake. Tukalazwa vitanda vya jirani hospitali ya misheni, tukaambiwa kuna nyonga za chuma. Wewe ukauliza kama zinapata kutu. Muuguzi alicheka mpaka akaegemea mlango.

Na wale madaktari wawili, kila mmoja na njia yake. Yule mrefu aliingilia nyuma, upande wa makalio. Yule mwenye kipara aliingilia ubavuni. Muuguzi alitueleza polepole, nusu Kiswahili nusu Kinyambo chetu, kwamba ukipasuliwa nyuma, misuli inayokushikilia unapotembea haiguswi, kwa hiyo utatembea umenyooka. Lakini ukuta wa nyuma wa kiungo unabaki umelegea, ukijikunja sana kile kichwa cha chuma kinachomoka kwenye kikombe chake. Ukipasuliwa ubavuni, nyuma pako pazima, kujikunja si shida sana, ila misuli ya kutembelea inakatwa na kushonwa, na pengine haipati tena nguvu zake. Tukauliza, sasa njia ipi ni bora? Akasema hata wao wenyewe hawajakubaliana tangu wapande ndege. Hatukuchagua. Daktari wa kipara alianza na kitanda chako, yule mrefu akachukua changu, basi.

Ikawa kama walivyosema. Wewe ulitoka unachechemea, mimi nimenyooka kama msichana wa kwaya. Watu wa sokoni Nkwenda walikucheka, ukawajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye malori, "Hujafa hujaumbika." Mimi hawakunicheka. Mimi walinisifu, mpaka siku ile nilipoinama kupalilia maharage, nikasikia kitu kinatoka, nikabebwa kwa machela nikilia njia nzima. Tangu hapo kigoda marufuku, jembe fupi marufuku. Goti pia marufuku, maana kwetu goti si kugusa chini na kuondoka, ni kukaa juu ya visigino na kuinama mpaka mzee aridhike.

Ndipo ukaanza ule mchezo wako. Tukifika kwa wakubwa, wewe unashuka, unaweka goti la kwanza unasema, "Hili langu." Unaweka la pili, "Hili la Leokadia, yeye ana chuma kibishi." Wazee wanacheka wakidhani ni utani tu, salamu inapokelewa, mimi nimesimama pembeni na heshima yangu kamili. Kwa mama yako tulifanya hivyo mara ngapi? Sikuwahi kufikiri kwamba heshima yangu yote ilikuwa magotini mwako. Ulikufa kwa homa ya siku chache tu, nikabaki mtu asiye na adabu.

Baada ya mazishi nikamkwepa mama. Kanisani nilitoka kwa mlango wa pembeni kabla ya baraka ya mwisho. Nyumbani nilijaribu kupiga goti nimeshika kitanda, nyonga ikalia kwa ndani, nikaogopa, nikajilaza kama nilivyo na viatu vyangu. Mume wako ananisalimu vizuri, ila ameunguza maharage mpaka majirani wameanza kumpelekea chakula. Kahawa yako ameichuma mwenyewe, mbichi na mbivu pamoja. Ungempigia kelele.

Juzi nikasema liwalo na liwe, nikaenda kwake, pale jirani na kwako. Mama yako alikuwa peke yake, amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Nikasimama mlangoni. "Shikamoo, mama." Akaitikia. Nikaanza kushuka, Paskazia, nakuapia nilianza, nimeshika mwimo wa mlango. Akasema, "Acha. Kaa pale." Pale ni kwenye kiti cha marehemu baba yako, ambacho hata wewe sijawahi kukuona umekikalia. Nikakataa. Akasema, "Nikikwambia kaa, kaa." Nikakaa. Mimi juu kama askofu, mama mzazi wako chini kwenye mkeka. Aibu ya msibani ilikuwa ndogo kuliko ile. Nikalia, nikamweleza kila kitu, nyuma na ubavuni, machela, magoti yako mawili, maneno ya wifi yako.

Alinipa kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu, akaendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Kuhusu chuma chako najua. Mwanangu aliniambia zamani." Nikamuuliza, sasa siku ile mama ulikuwa unatazama nini miguuni mwangu? Akasema alikuwa na swali, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Akauliza hivi:

"Mwanangu alikuwa akiumia, akipiga goti?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, kushuka hapana, kuinuka ndiyo. Ule upande wako haukuwa na nguvu ya kukunyanyua.

"Na nani alikuwa anamwinua?"

"Mimi, mama."

Akaweka ungo pembeni, akaninyooshea mkono kutoka kwenye mkeka. "Basi niinue na mimi. Nimekaa hapa tangu asubuhi, aliyekuwa akiniinua hayupo."

Nikasimama, nikaweka miguu kama tulivyofundishwa wodini, mgongo wima, nikamvuta. Ni mwepesi, Paskazia, hujui amekuwa mwepesi kiasi gani. Aliposimama hakuniachia mkono. Tulitoka hivyo hivyo mpaka kwenye kaburi lako, tukasimama hapo sote wawili.

Aibu haijaisha, sitakudanganya. Bado naona haya kutembea nimenyooka mbele yake, na wifi yako bado hanisalimii. Lakini kila asubuhi nitakayojaliwa, nitapanda njia ya Kanoni nikamwinue mama yako kwenye mkeka, na jioni nikiweza nitarudi tena kwake. Hilo nakuahidi, nawe unanijua mimi ni mbishi. Pumzika, dada yangu. Usihangaike naye, mkono wake ninao.

Ni mimi,
Leokadia