Toronto Siyo Masasi

Mwanangu Lukmani,

Marahaba, najua umeniamkia. Simu imekatika nikikwambia jirani yetu Ashiru kaoa tena, safari hii Lupaso, mke mrefu anamtazama utosini!

Sasa hiyo safari yako. Mdogo wako Ziada kasoma kwenye simu: Toronto mpaka Dar karibu kilomita elfu kumi na tatu, ndege mbili, siku nzima angani, bado Mtwara, bado basi la kupanda huku Newala. Na mimi mama yako mdogo nilishamwambia mgonjwa wetu kwamba Toronto ni kama kutoka Masasi, muhogo ukiiva umefika. Basi mama yako kakataa kulala, anatazama mlango. Na sisi maiti hatuilazi, unajua. Panda leo, baba.

Ngoja, Ziada ananiita toka chumbani kwa mama yako, na sauti hiyo siyo ya kuniitia chai.