Sentensi Nne za Koinet

Kisaju, Kitengela

Kwako mdogo wangu Wanjira,

Bwana asifiwe. Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Matasia, unalala vizuri na kula vizuri, ingawa kwa upande wa kula sijawahi kukuhofia. Sisi hapa tu wazima. Mama bado analalamikia goti, ng'ombe wawili wamezaa, na mvua iliyonyesha juzi ilibomoa ua wa upande wa barabara. Nimempa binamu yetu Caro barua hii akuletee mkononi, kwa sababu mwaka jana uliniblock kwenye simu na sikulaumu.

Caro ananiambia umepata kazi katika duka la mikate na kwamba wateja wanakupenda. Nilicheka peke yangu nikiwaza vile vidole vyako vifupi vinene vikikanda unga. Unakumbuka mchezo wetu? Nilikuwa nakufuata nyumba nzima nikitaja vitu: mshumaa mfupi mnene, kiazi kifupi kinene, shoka lenye mpini mfupi mnene, halafu namalizia na jina lako. Marehemu Baba alinichapa mara moja, nami nikaendelea kwa sauti ya chini. Wewe hukunisemea tena. Ulikuwa unavuta soksi zako juu, sijui ukifikiri miguu itarefuka, na kunyamaza. Ulikuwa na miaka saba.

Sasa nije kwa Koinet. Koinet nilimjua mimi kwanza. Alikuja kununua nyasi za mifugo yake ya kule Kajiado, na ni mimi niliyemsalimu kwa Kimaasai changu kibovu, na ni mimi niliyemkaribisha chai. Wewe uliileta tu hiyo chai. Tangu siku hiyo akawa anakuja hata wakati ghala lake limejaa nyasi, na kila akija swali ni moja, Wanjira yuko? Mimi mkubwa wako kwa miaka sita, mrefu, mwembamba, ambaye kanisa zima lilisema ndiye mrembo wa nyumba hii, nikawa mtu wa kuulizwa uko wapi. Iliniuma, Wanjira. Iliniuma hadi nikawa nabeba sahani yangu kwenda jikoni mkikaa mezani.

Siku ya ruracio, Koinet alipokuja na wazee wake kuleta mahari yako, unaijua, lakini kuna sehemu hukuiona kwa sababu ulikuwa umefunikwa. Mlisimama wasichana sita chini ya tenti, kila mmoja chini ya leso, miguu tu ikionekana, na Koinet akaambiwa amtafute wake. Alikujua mara moja. Aliiona miguu yako akaja kusimama mbele yako, anatabasamu kama mtoto. Mjomba Njogu akamzuia, kama anavyowazuia wote, akamwambia kabla ya kugusa leso amsifu msichana wake watu wasikie. Koinet akatoa kikaratasi mfukoni na kusoma kwa sauti. Akasema mchumba wake ana shingo fupi nene. Akasema ana miguu mifupi minene isiyoyumba. Akasema vidole vyake ni vifupi vinene na vinamjaa mkononi. Akasema Kajiado nzima hajaona mwili mfupi mnene kama huu.

Kile kicheko ulikisikia. Mama Kiema wa jirani alimwaga soda. Usichokiona ni kwamba Koinet alifikiri wanafurahi pamoja naye, akaisoma sentensi ya mwisho mara ya pili. Hapo ukaitupa leso yako chini. Uliingia ndani bila kumtazama, na mzee Simel, msemaji wao, akawaamuru vijana wageuze pikapu, mbuzi wa mahari wakiwa bado juu yake.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi ya wiki ijayo Koinet anakuja tena na wazee wake, na safari hii anakuja kwa ajili yangu. Miezi mingi alikuja kukuulizia. Mama alikuwa anamwambia hutaki hata kusikia jina lake, na mimi nilikuwa namimina chai. Mtu huchoka kuuliza.

Kile kikaratasi niliandika mimi. Alhamisi kabla ya ruracio, Koinet alinijia na wasiwasi kwamba hajui desturi zetu, akaniuliza kwetu bibi arusi husifiwa vipi. Nikamwambia husifiwa kama yeye anavyomsifu kondoo wake dume, kwa ufupi na unene, na kwamba mwanamke mrefu mwembamba kwetu ni dalili ya nyumba yenye njaa. Aliamini bila taabu, maskini mfugaji wa watu. Nikamwambia pia asimtaje aliyemsaidia, maana ni aibu mwanamume kuandikiwa. Hajamtaja hadi leo. Anafikiri ulikasirika kwa sababu alisoma vibaya. Aliniambia huenda ni Kiswahili chake.

Caro anasema unaamini Koinet alikudharau. Hakukudharau. Maneno hayo hakuwahi kuyatumia juu yako mpaka nilipomwandikia. Siombi msamaha, kwa sababu nikirudishiwa Alhamisi ile nitaandika tena, na kwa mwandiko mzuri zaidi. Nilitaka tu ujue, na ujue kutoka kwangu.

Mama anahitaji wasichana sita wa kufunikwa. Pamoja nami, Elsie, Whitney na wale wawili wa shangazi tumefika watano, na Mama anasema wa sita awe wewe. Namba ya Koinet haijabadilika. Ukitaka, mpigie leo umweleze yote, na Jumamosi hakutakuwa na sherehe. Lakini mimi nakujua ulivyo tangu ukiwa na miaka saba. Utavuta soksi zako juu na kunyamaza.

Mama anakusalimu sana na anasema uje na mkate. Leso yako nimeichagua mwenyewe, ndefu kuliko zote, ikufunike mpaka chini kabisa, miguu isionekane.

Ni mimi dadako mkubwa akupendaye,

Cate