Mama Chero Alivuta Tumbo Ndani

Auntie Njoki,

Niaje? Najua, najua. Ulikuwa unaniambia mtu mzima hasalimiwi hivyo. Wacha nianze tena. Habari yako, Auntie. Ni mimi Shiro wa cherehani ya pili, yule ulikuwa unasema anashona kama anafukuzwa na polisi.

Kibanda bado iko. Naanza na hiyo juu najua ndio unataka kusikia. Lakini karibu iende.

Tukitoka kukuzika, hata matope haijakauka kwa viatu, wamama wakaanza kuja. Mmoja mmoja, na sauti ya chini. "Shiro, pole sana. Sasa nipatie tu kitambaa yangu, nitatafuta fundi town." Wote walisema hivyo hivyo. Juu wewe hukuwahi andika vipimo za mtu. Kaptembwo mzima ilikuwa kwa kichwa yako, viuno na mabega, na ukaenda nazo zote. Na hakuna mama alitaka kupimwa upya na msichana amejifunza kushona kwa simu. Mmoja akaniambia, "Wewe unajua tu kushonea watu wa video." Nikacheka. Alipoenda nikalia kidogo.

Halafu Mwangi wako akakuja. Si mtu mbaya, unajua kijana yako, lakini ako na haraka. Akasimama mlangoni akaangalia benchi tupu. "Shiro, mimi sina noma na wewe. Mwezi ikiisha nipate kuna wateja hapa, kaa. Nisipopata, kuna jamaa wa kuuza smokie, zile soseji za barabarani, anataka hii nafasi."

Smokie, Auntie! Mahali ulishonea kwaya nzima!

Sasa mwenye aliniokoa ni Mama Chero wa Rongai. Alikuja na kitenge ya blue, hajasikia hata umetuacha. Nilipomwambia alikaa kwa benchi, kitenge kwa mapaja. Kisha akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Kwa hivyo ni wewe ndio umebaki?"

"Ni mimi, mathe. Na nitakushonea mpaka wageni wasahau chakula."

Nguo ilikuwa ya koito ya Cherotich, msichana wake. Hiyo siku watu wa upande wa kijana wanakuja kuongea mambo ya mahari, na mama ya msichana hawezi kaa hapo kama amekopa nguo. Siku zilikuwa zimebaki kidogo, hakuwa na wakati wa kutafuta fundi mwingine. Hiyo tu ndio ilimfanya akubali, usidhani ni uzuri wangu.

Nikampima mbio mbio. Akasimama wima kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Nikakata, nikashona, kiuno nimekaza vizuri, nikajisifu mwenyewe hapo peke yangu. Auntie, hiyo nguo ilikuwa moto!

Akarudi kujaribu. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikakataa. Nikavuta. Ikakataa kabisa. Akageuka pole pole. "Hii umeshonea mimi, ama umeshonea Cherotich?"

Nilisikia harufu ya smokie, nakuapia.

Lakini hapo ndio nilikuona. Vile ulikuwa unafanya na tepi shingoni, humpimi mtu akiwa kimya. "Eh, Mama Brayo, na yule jirani bado anachota maji yako?" Mama Brayo anaanza kuongea, anacheka, anasahau uko hapo, na mkono yako inazunguka kiuno inatoka. Miaka yote nilidhani ni umbea! Kumbe mtu akiona tepi anavuta tumbo ndani. Mama Chero alikuwa amevuta yake mpaka kwa mgongo, na mimi nikapima uongo.

Na nikakumbuka kitu ingine. Wewe hakuna mtu alikupima. Umevalisha mtaa mzima, lakini wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa mtumba, eti utajishonea ukipata nafasi. Siku ile tulikuvalisha nguo ya dukani juu hakuna mwenye alijua saizi yako. Hata mimi. Bega ya kushoto ilikuwa inateremka. Watu wote waliimba, mimi nilikuwa naangalia hiyo bega. Auntie, ile bega...

Wacha niendelee.

Nikamkalisha Mama Chero. Nikamuuliza, "Na hao watu wa kijana, ni watu aina gani?"

"Hao? Wako na maringo hao! Wametuma ujumbe eti mama yao hali kuku ya kununua. Si akuje na yake ameishika mkono!"

Alicheka mpaka benchi ikalia. Tumbo ikatoka yote, na tepi ilikuwa tayari imezunguka kiuno. Nikafungua nguo pande zote mbili. Kitenge ilikuwa imeisha, imebaki tu kipande ya kilemba, nikaikata nikaiingiza kwa mbavu, kushoto na kulia.

"Na kilemba yangu?"

"Mathe, nywele yako ni poa sana kufichwa."

Akaniangalia. Lakini zipu ikapanda mpaka juu, yenyewe.

Kwa koito alikaa, akala, akacheza, akainama kusalimia watoto. Hakuna uzi ilikatika. Wenzake wakamuuliza hiyo staili ya kwa mbavu inaitwaje. Wiki iliyofuata wakashuka kutoka Rongai na vitambaa, na wa hapa mtaani kuona hivyo, nao wakarudi. Mwezi ikiisha Mwangi akakuja na yule jamaa wa smokie. Wakakosa mahali pa kukanyaga. Mama mmoja akawaambia, "Vijana, laini inaanzia huko nje." Mwangi akanipatia funguo, ya mlango na ya kufuli, zote.

Kisha akasema bibi yake anataka suti. Anakuja kesho. Unamjua Auntie, yule wa kujibu "eeh" na "hapana" tangu waoane. Uliniambia hata wewe alikushinda.

Pumzika sasa. Usikae umeinama, mgongo yako imefanya kazi ya kutosha. Na nakuahidi hivi: kesho tepi itakaa shingoni kwangu mpaka huyo mama aongee, hata tukikaa hapo mpaka jioni.

Shiro wako