Mwami Aliyekula Akitazama Ukuta

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili jioni

Kaka yangu mpenzi Évariste,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Na watoto, bado wanakusumbua kama tulivyomsumbua Baba, Mungu amrehemu? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku haina adabu. Cherehani inanilisha.

Juzi, kwenye televisheni ya jirani, walionyesha mfalme anatawazwa, na mimi nikaangua kilio mbele za watu. Niliikumbuka siku uliyonibeba mabegani kwenda kumwona Mwami wetu mpya, mfalme wa kule mlimani kwetu, ukilalamika kwamba nina uzito wa gunia la mihogo.

Nilitegemea kuona jitu. Wakamtoa mtoto wa rika langu, baba yake amezikwa juzijuzi, kofia ya ushanga imemshuka mpaka kwenye nyusi. Wazee wakatangaza kwamba alizaliwa ameshika mbegu katika ngumi, ndiyo maana kiti ni chake. Vigelegele vikapigwa, ng'ombe wakapitishwa, lakini mimi nilitazama goti lake tu. Lilikuwa na kidonda kibichi kama langu, na nilimpenda kwa kidonda kile.

Kikaja chakula chake. Kwetu hakuna anayemwona Mwami akila, kwa hiyo watu wote waliinama, nawe ukaniziba macho kwa viganja vilivyonukia machungwa. Nilichungulia katikati ya vidole. Alikuwa amegeuzwa kuelekea ukuta wa mianzi, anatafuna peke yake huku analia. Nilipomsimulia Mama alinipiga konzi, akaniambia msichana anayemwona Mwami akila hazai. Wewe ukaniita tasa mpaka Pasaka! Vita ilipokuja uliacha, na hata utani ule naukumbuka kwa hamu.

Sasa nisikilize vizuri. Kanisani kwetu, baada ya ibada, tunakula pamoja ukumbini. Mwaka jana alikuja mlinzi wa ghorofa moja la Hillbrow, anaitwa Hénock, mpole, Kiswahili chake cha kwetu kabisa. Alipopewa sahani, alibeba kiti mpaka pembeni, akageukia ukuta, ndipo akala. Watu wakanong'ona kwamba, eish, huyu ana majivuno. Mimi kijiko kiliniponyoka. Nilingoja amalize, nikamwuliza kwa lugha ya mlimani kama goti lake lilipona.

Alinitazama sana, kisha akakubali kuwa ni yeye. Aliniomba nisimtaje kwa mtu. Baba yake mdogo alikalia kiti chake cha enzi wakati wa vita, naye hataki damu imwagike kwa ajili ya kofia iliyompwaya. Siri hiyo nimeitunza hata kwako. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami, Kaka, nina mimba yake.

Najua umekunja uso. Kunja, halafu endelea kusoma.

Nilimwambia Jumapili iliyopita, chumbani kwangu, nikimpakulia ugali na majani ya sombe. Kiti chake nilikuwa nimekiweka ukutani kama siku zote. Alikigeuza, akakaa uso kwa uso nami. Akala mpaka mwisho, nami nikimtazama. Alipokwisha kunawa aliniambia anataka kunioa. Nampenda, na nimekubali.

Baba hayupo, kwa hiyo wajumbe watakuja kwako. Watamposea mlinzi, si Mwami, na siri iishie kwako. Mlimani wakisikia, mtoto wangu atapata maadui kabla hajapata meno. Hénock mwenyewe atakuja Desemba. Usimtengee kiti pembeni. Mketishe katikati ya watoto wako, mle sahani moja, na mtu yeyote asiiname.

Watoto wote huzaliwa wamefumba ngumi. Ngumi ya mtoto wetu hatutaifungua kutafuta kitu ndani.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Ukipita kaburini kwa Mama, mwambie nimechungulia tena, na kwamba anapata mjukuu.

Ni mimi mdogo wako, gunia la mihogo,

Arlène